Wakazi wa Kiwanjani hapa Isiolo, tuiondoe soda mezani kwa pamoja



Nawaandikia kuhusu jambo ambalo kila mmoja wetu analiona na hakuna anayelisimamia kikaoni. Tunakunywa soda kupita kiasi. Tunakunywa harusini, matangani, kwenye chama cha kina mama, kwenye futari, kijiweni alasiri, na siku hizi wengine asubuhi kabla ya chai. Mtoto akilia anatumwa dukani akajinyamazishe na chupa. Mgeni akibisha hodi, kabla hajaketi vizuri, kuna kijana amekwisha kutoka mbio kumletea baridi. Nimewaona watu wenye nia njema wakijaribu kuacha mmoja mmoja, na wengi wao wamerudia. Hawakurudia kwa udhaifu wao. Walirudia kwa sababu kila mlango wanaobisha wanawekewa chupa mkononi. Basi waraka huu haumwendei mtu mmoja mmoja. Unatuendea sote kama mtaa.

Chukueni harusi yoyote ya hapa kwetu. Kamati ikikaa, baada ya mchele na nyama kinachoandikwa ni kreti za soda. Zinahesabiwa kwa idadi ya wageni, kisha zinaongezwa nyingine za akiba, maana hakuna aibu kubwa kama soda kwisha kabla wazee wa upande wa pili hawajapata. Siku yenyewe vijana wanapita kati ya viti, kifungulio kimefungwa kwa kamba kwenye kidole, wanafungua chupa bila kuuliza. Ukikataa, unaulizwa una kinyongo gani. Bibi mwenye kisukari, ambaye vidonge vyake vimo kwenye mkoba alioupakata, anawekewa soda ya chungwa, na kwa kuwa hataki kuwavunjia wenyeji heshima, anainywa yote. Maji yako nyuma ya jikoni kwenye mtungi wa plastiki, ya kunawia mikono na kuoshea sufuria. Hakuna aliyefikiri kumletea bibi bilauri.

Tumeufanya ukarimu wetu upitie kwenye chupa hiyo, na hapo ndipo ugumu wote ulipo. Kuacha soda hapa si kuacha kinywaji tu. Ni kuonekana mchoyo ukiwa mwenyeji, na mwenye maringo ukiwa mgeni. Mtu mmoja hawezi kuibadilisha desturi ya namna hiyo. Watu wengi wakikubaliana wanaweza, na haichukui miaka.

Tuseme kilichomo ndani. Soda ya kawaida ya rangi nyeusi, chupa ya kioo ya mililita 300, ina sukari kama gramu 32. Kijiko cha chai kina gramu nne, kwa hiyo hiyo ni vijiko vinane. Chupa ya plastiki ya nusu lita ina vijiko kumi na vitatu. Ile ya lita mbili inayowekwa katikati ya sinia wakati wa futari ina zaidi ya vijiko hamsini. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 2015: sukari ya kuongezwa isizidi asilimia kumi ya nguvu ambayo mtu anapata kwa siku kutokana na chakula, na ingefaa zaidi ikiwa chini ya asilimia tano. Kwa mtu mzima wa kawaida, hiyo asilimia tano ni kama gramu 25, vijiko sita. Chupa moja ya kioo imeshavuka hapo, na bado hatujahesabu chai yetu, ambayo sote tunajua inavyotiwa sukari.

Sukari ya majimaji ina ubaya wake wa pekee. Haishibishi. Mtu akila vijiko vinane vya sukari ndani ya chakula, tumbo linajua limepokea kitu. Akivinywa, anakula chakula kilekile ambacho angekula, na sukari inaingia kwenye damu kwa haraka. Kongosho linalazimika kutoa insulini nyingi kwa ghafla, siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka, mpaka mwili unapoacha kuisikiliza. Utafiti uliochapishwa Januari 2025 kwenye jarida la Nature Medicine ulikadiria kwamba duniani kote mwaka 2020 pekee wagonjwa wapya milioni 2.2 wa kisukari cha aina ya pili walitokana na vinywaji vya sukari, na katika Afrika iliyo kusini mwa Sahara, zaidi ya mgonjwa mpya mmoja katika kila watano. Mmoja katika watano! Wazee wetu waliokulia malishoni kwa maziwa na nyama hawakuujua ugonjwa huu kama tunavyoujua sisi. Leo ukikaa kwenye foleni ya hospitali, wajomba zetu na mama zetu wakubwa wako pale na daftari zao.

Sasa nizungumze na ndugu zangu wa kijiweni, maana kwenu jambo hili lina sura nyingine. Sikatazi mtu miraa hapa. Hilo lina waraka wake. Nasema juu ya kile kinachoandamana nayo. Miraa inashuka kutoka milima ya Nyambene, inafika mchana ikiwa imefungwa kwenye majani ya mgomba, na mwenye kutafuna anaagiza soda papo hapo ili kuondoa uchungu mdomoni. Hainywi kwa mkupuo. Anaiweka kando ya kiti cha pikipiki, anapiga funda moja, anatafuna, anapiga funda jingine, mpaka magharibi, na chupa ya pili imefunguliwa. Miraa inakausha mdomo, na mate ndiyo kinga ya meno. Soda ni asidi, na juu ya asidi kuna sukari ambayo bakteria wa mdomoni wanaigeuza kuwa asidi nyingine. Kwa hiyo jino linakaa saa nne au tano ndani ya asidi, bila mate ya kulisafisha. Ongezeni hapo kwamba miraa inaondoa hamu ya kula: kijana anamaliza siku akiwa na vijiko kumi na sita au zaidi vya sukari tumboni na chakula kidogo sana. Vijana wa miaka ishirini na tano wanaotafunia upande mmoja wa mdomo mnawajua kwa majina. Ninachoomba kwenu ni kidogo: chupa ya kuagiza pamoja na kifungu iwe ya maji. Muuza miraa akiona maji yanaulizwa, atayaweka.

Na hapo tumefika kwenye maji. Sitaki kumlaumu mtu kwa kunywa soda baridi saa nane mchana katika jua la Isiolo, wakati mfereji wa nyumbani umekauka tangu juzi na maji ya mkokoteni hajui yametekwa wapi. Soda iko kila duka, iko safi, iko baridi. Maji ya kunywa ya kuaminika yanatafutwa. Huko Mexico, katika jimbo la Chiapas, kuna miji ambako mifereji haitoi maji ya kuaminika huku soda ikipatikana kila kona, na watu wa huko wamekuwa miongoni mwa wanywaji wakubwa wa soda duniani. Mexico ilianza kutoza peso moja kwa kila lita ya kinywaji cha sukari Januari 2014, na mwaka huohuo ununuzi ulishuka kwa takriban asilimia sita. Afrika Kusini ikafuata na kodi yake Aprili 2018. Sisi wa mtaa hatutungi kodi ya taifa. Lakini Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na huduma za maji ziko mikononi mwa kaunti. Kaunti inapowaita wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti, twende. Twende wengi, tukiwa na ombi moja lililoandikwa: vituo vya maji safi ya kunywa penye watu, yaani sokoni, shuleni, kwenye steji za bodaboda. Mwakilishi wetu wa wadi asiweze kusema hakusikia.

Kuna jambo jingine linaloniuma. Kina mama wa Isiolo, wakiwemo wale wa ushirika wa Anolei, wanakusanya maziwa ya ngamia na kuyapakia kwenye mabasi ya Nairobi, yakanywewe Eastleigh. Malori ya soda yanakuja kwetu kwa barabara hiyohiyo, yakitoka upande huo. Tunauza maziwa na kununua sukari. Najua kina mama wanahitaji soko na sisemi waache kuuza Nairobi. Nasema soko la kwanza liwe sisi. Harusi moja ya Kiwanjani ikihamisha nusu ya fedha za soda kwenda kwenye maziwa ya ngamia, mama mmoja ameuza mzigo wa asubuhi bila nauli ya basi. Yachemsheni kwanza, maana maziwa mabichi yanabeba brusela, kisha yapozeni. Wanaopenda susa, yaani maziwa ya ngamia yaliyochachuka, wapewe susa. Kwa watoto kuna maji ya ukwaju na ya ndimu yenye sukari ya kuonja tu.

Kwa anayetaka kuacha nyumbani kwake, aanze kwa kupunguza. Aliyekuwa na chupa tatu kwa siku ashuke hadi mbili wiki hii, moja wiki ijayo. Soda nyeusi ina kafeini, kwa hiyo mnywaji mkubwa akiikata ghafla anaweza kuumwa kichwa kwa siku kadhaa na kuwa mkali kwa wenzake. Hayo yanapita. Familia ijue mapema, wamvumilie. Usiweke soda kwenye friji ya nyumbani. Usiihamishie sukari kwenye chai. Na fedha zihesabiwe wazi: chupa ya shilingi 50 kila siku ni shilingi 18,250 kwa mwaka. Pitia soko la mifugo uulize bei ya mbuzi.

Neno moja la tahadhari kwa wenye kisukari wanaotumia insulini au vidonge: sukari ikishuka sana, mtu akianza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, soda kidogo au maji ya sukari ni dawa ya dharura. Hilo libaki. Msibadilishe kipimo cha dawa bila kumwona daktari. Na wasiojua hali zao wapime. Septemba 2023 serikali ilianza kugawa mikoba kwa wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchini, na ndani yake kuna kipimo cha sukari na cha shinikizo la damu. Mhamasishaji akipita nyumba yenu, mwekeni kiti, mpeni maji, mnyooshe kidole apime.

Sasa niseme kile ninachokiomba kwa jina. Kamati za harusi na za matanga: maji na maziwa yapite kwanza kwenye viti, na soda iletwe kwa anayeiomba tu. Maimamu na wachungaji: lisemeni hili mara moja kabla ya watu kutawanyika, na sinia za futari za Ramadhani ijayo ziwe na tende, maji na maziwa. Wenye maduka: sisemi mfunge biashara. Wekeni maji kwenye rafu ya friji iliyo usawa wa macho na mshushe soda chini, na msimuuzie mtoto mdogo aliyetumwa asubuhi. Walimu: chukueni chupa tupu ya nusu lita, mtie vijiko kumi na vitatu vya sukari mbele ya darasa, muiache dirishani wiki nzima. Akina baba, msimpe mtoto soda kama tuzo, na anayemtilia mtoto mchanga soda kwenye chupa ya kunyonyea aambiwe na jirani yake, kwa upole na bila kungoja. Viongozi wa nyumba kumi, liandikeni kwenye ajenda ya baraza lijalo la chifu.

Wazee wetu wa Kiborana, Kisomali, Kiturkana, Kimeru na Kisamburu, ninyi ndio mnaokaa viti vya mbele, na ni kwenu chupa ya kwanza inapelekwa. Kijana aliyeshika kreti hawezi kubadilisha desturi. Mkono wenu unaweza. Akiwafikia, mwambieni kwa sauti, wote wasikie: mwanangu, niletee maji. Wa kiti cha pili atasema hivyohivyo, na wa tatu. Ndoa zitakazofungwa msimu huu wa likizo ya shule zipo nyingi, na kamati zao zinakutana kuanzia sasa. Aliye kwenye kamati yoyote alete pendekezo hili kabla oda ya kreti haijalipiwa.