Kompyuta mpakato inachemka? Ifunguliwe kwanza, ipakatwe baadaye

Neno mpakato limetokana na kupakata, kama mama anavyomweka mtoto mapajani. Jina hilo limewafanya wengi waamini kwamba mapajani ndipo mahali pake. Vitabu vya maelekezo vya watengenezaji vinasema vingine: iwekwe juu ya kitu kigumu na bapa, na isigusane na ngozi kwa muda mrefu inapofanya kazi.

Sababu ni joto. Mwaka 2010 madaktari wa ngozi wa Basel, Uswisi, waliandika katika jarida la Pediatrics habari za mvulana wa miaka 12 ambaye ngozi ya paja lake la kushoto ilibadilika rangi. Kwa miezi kadhaa alikuwa akicheza michezo ya kompyuta saa nyingi kila siku, mashine ikiwa mapajani. Alihisi kwamba upande wa kushoto unachemka, lakini hakuihamisha. Joto la aina hii halitoi malengelenge, ndiyo maana mtu hulivumilia. Madaktari wanaijua ngozi hiyo tangu zamani kwa watu wanaoota moto karibu mno.

Kwa wanaume kuna la ziada. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stony Brook, Marekani, uliotangazwa mwishoni mwa mwaka 2004, uliwapima wanaume 29 waliopakata kompyuta kwa saa moja na kukuta joto la korodani limepanda kwa zaidi ya nyuzi 2 za Selsiasi. Ni kweli kwamba sehemu ya joto hilo ilitokana na kubana mapaja tu, lakini mashine iliongeza.

Sasa, kompyuta nyingi hazikuwa na joto hilo siku ziliponunuliwa. Limekuja kidogo kidogo, pamoja na feni inayovuma kama upepo wa kusi na mashine inayojizima mtoto akiwa katikati ya kazi ya shule. Hapo mzazi huambiwa imezeeka, anunue nyingine. Mara nyingi haijazeeka. Ni chafu.

Ndani yake, joto la prosesa hupita kwenye kibomba cha shaba hadi kwenye vibati vyembamba vilivyopangwa kama meno ya kitana. Feni hupuliza hewa katikati ya vibati hivyo, na hewa ya moto hutokea ubavuni. Vumbi linaloingia na hewa hunasa hapo hapo, likashikana na nywele na nyuzi za blanketi mpaka linakuwa kama kipande cha sufi. Feni inazunguka kwa nguvu zote, hewa haipiti. Ukiiweka kitandani, matundu ya chini nayo yanazibwa na godoro.

Anayetaka kuifungua mwenyewe aangalie kwanza kama muda wa dhamana umekwisha. Kisha aizime kabisa, maana kufunga kifuniko tu ni kuilaza usingizi. Chaja ichomolewe, na kitufe cha kuwashia kibonyezwe kwa sekunde kama kumi ili umeme uliobaki uishe. Skrubu za chini hufunguliwa kwa bisibisi ndogo ya nyota, na ni vizuri kuzipanga juu ya karatasi kwa mpangilio wa mahali zilipotoka, kwa sababu hazilingani urefu. Ndefu ikiingizwa tundu la fupi inaweza kutoboa kilicho chini yake. Mfuniko huachanishwa kwa kadi ya benki iliyokwisha muda, si kwa kisu cha jikoni. Kabla ya kugusa ndani, mtu ashike kwanza kitu cha chuma ili umeme tuli wa mwilini usihamie kwenye saketi.

Vumbi litolewe nje ya nyumba, uani, kwa brashi laini na hewa ya kopo au blowa. Feni ishikiliwe kwa kijiti isizunguke, kwani kuizungusha kwa upepo mkali kunaiharibu. Kazi hii si ya kufanyia sebuleni penye mtoto mwenye pumu. Mende hupenda mahali penye joto, na kinyesi na mabaki yao ni miongoni mwa vitu vinavyoamsha pumu. Anayesafisha avae barakoa. Kuhusu ile pasta inayowekwa kati ya prosesa na shaba, ambayo hukauka baada ya miaka, heri fundi aibadilishe. Na fundi mzuri hakatai kutazamwa akiwa kazini.

Lakini kuna kitu cha kuangalia kabla ya hilo vumbi: betri. Ni kile kipande bapa cheusi kinachochukua nafasi kubwa ndani, na katika kompyuta nyingi za siku hizi huwezi kukiona bila kufungua mfuniko. Betri nzima imenyooka kama kitabu kipya. Iliyoharibika hujaa gesi ikavimba kama mto. Dalili huonekana hata kabla ya bisibisi: kipanya cha kugusa kimeinuka, kifuniko hakifungi sawasawa, au kompyuta inayumba mezani kama kigoda chenye mguu mfupi.

Wapo wanaoitoboa kwa sindano ili itoe upepo. Huko ni kuwasha moto. Gesi iliyomo inawaka, na tundu hilo linaweza kuunganisha tabaka za ndani zisizotakiwa kugusana. Agosti 2006 kampuni ya Dell iliagiza zirudishwe betri milioni 4.1 zilizotengenezwa na Sony kwa sababu ya hatari ya kuwaka, na hizo hazikuwa zimetobolewa na mtu.

Betri iliyovimba isichajiwe tena, isikandamizwe ili mfuniko ufunge, na isitupwe kwenye jalala la nyumbani ambako taka huchomwa na watoto huokota vya kuchezea. Kama kuitoa kunahitaji nguvu, iachwe hapo hapo na kompyuta nzima ipelekwe kwa fundi ikiwa imezimwa. Ikianza kutoa moshi, watu wote watoke kwanza, kwa kuwa moshi wake una gesi zenye sumu, kisha zimamoto wapigiwe simu 114.

Fundi asipopatikana siku hiyo, sinia la chuma lenye mchanga, lililowekwa nje kivulini mbali na vinavyowaka na mahali ambapo watoto hawafiki, linatosha kuihifadhi hadi asubuhi.