Tuwashangilie wa kwetu

Meru tuna Kinoru, palipofanyika sherehe za Madaraka 2018. Embu wana Uwanja wa Moi, nao wakazipokea 2023. Lakini timu za vyuo vyetu, Chuka, KeMU, Embu, zikicheza, wanafunzi wengi wako hosteli wamekodolea macho mikeka ya Arsenal na Chelsea. Tena wanaweka nauli ya nyumbani! Mpira naupenda, sikatai. Kamari ndiyo inayokula karo. Katika 2 Timotheo 2:5 Paulo anamtaja anayeshindana kwa kufuata kanuni. Anayemwekea dau hamtaji. Mzazi, kabla hujatuma M-Pesa nyingine, uliza ile ya kwanza ilienda wapi. Wachungaji wenzangu, Jumamosi twendeni uwanjani tukawashangilie hawa vijana, hata wakifungwa.