Figo Imepatikana, Nauli Je?

Tunaambiwa tushukuru, na tunashukuru. Novemba 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza hapa nchini, wataalamu kutoka India wakiwa bega kwa bega na wa kwetu. Machi 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma nayo ikaanza, ikisaidiwa na Wajapani. Kabla ya hapo safari ilikuwa India, na wengi wetu India tumeiona kwenye filamu tu. Kwa hiyo msituite watovu wa shukrani. Sisi ndugu wa mgonjwa tunanung'unikia yale ya nje ya chumba cha upasuaji, ambayo hayana wizara, hayana fungu, na pengine hayana hata benchi la kukalia.

Tuanze na mashine. Mtu ambaye figo zimefeli husafishwa damu kwa kawaida mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara. Asiye na bima hulipa zaidi ya laki moja kwa kila mara anayolala pale. Pigeni hesabu wenyewe ya mwezi mmoja, halafu mwambieni mkulima wa mahindi wa Nkasi azipate. Matokeo yake tunayajua sote ingawa hatuyasemi mbele ya daktari: tatu zinakuwa mbili, mbili zinakuwa moja, mgonjwa anavimba miguu, pumzi inambana, ndipo tunakimbizana na bajaji usiku. Sista anatufokea kwamba tumemchelewesha mgonjwa. Ni kweli tumemchelewesha. Tulikuwa tunauza kiwanja.

Na hao wa mikoani ndiyo wameumia zaidi, maana mashine ikiwa mbali, ukoo mzima unahama. Mgonjwa na mwuguzaji wake wanafikia kwa shemeji Mbagala, chumba na sebule, wiki mbili zinageuka miezi. Shemeji ni mtu mwema, hasemi kitu. Lakini mkaa unapungua, maji ya ndoo yanapungua, watoto wamehamishiwa chini, na mwuguzaji anaanza kuamka alfajiri kufagia uwanja ambao jana yake ulishafagiliwa. Hospitali zetu zina nyumba za watumishi, zina vibanda vya soda, zina maegesho. Mahali pa ndugu kulala kwa bei ya kueleweka ni pa kutafuta kwa tochi.

Sasa tuje kwenye kikao cha ukoo. Kwetu figo ya kupandikiza hutoka kwa mtu aliye hai, tena ndugu. Siku mgonjwa anapoambiwa atafute mchangia, ndipo unapoujua ukoo wako. Baba mdogo aliyekuwa akisema "damu ni damu" kwenye kila msiba anakumbuka ghafla kuwa ana presha. Kaka mkubwa yuko safarini. Macho yote yanamgeukia dada asiyeolewa, kana kwamba mwili wake ni mali ya familia. Hilo nalo tulinung'unikie, hata kama wanaolifanya ni sisi wenyewe. Mchangia anatakiwa akubali kwa hiari yake, na anatakiwa apewe nafasi ya kumwambia daktari "sitaki" faraghani, bila shangazi kusimama mlangoni.

Akipatikana anayetaka, mke wake anauliza: je, na hii iliyobaki ikiharibika? Ni swali halali. Jibu lipo: mtu mzima mwenye afya anaishi vizuri na figo moja, na ile inayobaki hujiongezea kazi. Ndiyo maana mchangia hupimwa kwanza kundi la damu, ulinganifu, presha, sukari, moyo na mkojo, na wengi hukataliwa hapo hapo. Lakini jibu hilo linatolewa kwenye korido, kwa haraka, kwa mchangia peke yake. Mke anayabeba maneno ya jirani kwamba mumewe hatazaa tena, wala hataweza kazi. Kumkalisha chini yeye na mama mkwe kwa nusu saa kungegharimu shilingi ngapi?

Halafu yanakuja makaratasi. Hospitali inataka uthibitisho kwamba mchangia ni ndugu kweli, na India, kwa wale wanaokwenda, sheria yao inataka hata ubalozi uthibitishe. Hatupingi. Mwaka 2025 tulisikia ya Eldoret, jirani hapo Kenya, vijana maskini wakidaiwa kuuza figo kwa wageni, mpaka Wizara ya Afya ya huko ikaunda kamati ya uchunguzi. Mlango wa namna hiyo lazima ufungwe. Ila mtoto wa mama mkubwa, ambaye tumekula naye sahani moja na kumwita kaka tangu utoto, alizalishwa na bibi nyumbani na cheti cha kuzaliwa hana. Akienda kwa mtendaji kutafuta barua anaambiwa arudi Jumatatu. Mgonjwa naye Jumatatu yuko kwenye mashine.

Kazini je? Hapa ndipo tunapochoka kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ilipoweka likizo yenye malipo ya siku nne kwa mambo ya familia, iliandika ugonjwa au kifo cha mtoto. Kwa mke, mume, mzazi, babu, bibi, mjukuu na ndugu wa tumbo moja, iliandika kifo peke yake. Soma tena taratibu. Kaka yako akifa, unalipwa uende ukamzike. Kaka yako akiwa anapandikizwa figo ili asife, hizo siku nne si zako. Na aliyetoa figo aliingia hospitalini mzima akatoka ameshonwa, sasa bosi anamwandika mgonjwa wa kitu gani? Hao ni wenye ajira. Fundi anayebeba zege na mama ntilie hawana hata wa kumwomba ruhusa. Mchangia anakatazwa kunyanyua vitu vizito kwa wiki kadhaa, na katika wiki hizo nyumba yake inakula nini? Tunaomba jibu, hatutanii.

Michango ya matibabu imezungumzwa mno mitaani, tupite upesi. Kundi la wasapu la harusi linajaa ahadi kabla kamati haijakaa. La figo, watu wanaacha mikono ya kuomba dua, halafu mmoja mmoja anatoka kimyakimya.

Kubwa kuliko yote ni hili ambalo hakuna aliyetuandaa nalo: upasuaji ukifanikiwa, watu wote wanaona mambo yamekwisha. Mbuzi anachinjwa, mchungaji anatoa ushuhuda, mwajiri anauliza mgonjwa anarudi lini. Kumbe mwili haujasahau kwamba figo ile ni ngeni. Ili usiishambulie, mgonjwa anameza dawa za kutuliza kinga, takrolimasi na wenzake, kwa saa maalumu kila siku, maisha yake yote. Akikatisha, figo inakataliwa, na tunarudi kwenye mashine tukiwa hatuna kiwanja cha kuuza. Dawa hizo hazipo kwenye duka la dawa la kijijini, na hata mjini kuna siku unazunguka Kariakoo mpaka jua linazama.

Na kwa kuwa kinga imetulizwa, sisi ndio tunaogeuka walinzi. Shangazi katoka Singida na kikohozi chake, anataka kumkumbatia mgonjwa, ukimzuia, umemdharau. Mjomba analeta chupa ya mizizi, eti ya kusafisha figo mpya. Mwaka 2011 nchi nzima ilipanga foleni kijijini Samunge kwa kikombe cha dawa ya asili cha shilingi 500, kwa hiyo usidhani mjomba yuko peke yake. Mgonjwa kakatazwa balungi kwa sababu linavuruga dawa, jirani anasema tunamnyima matunda. Wapo pia wanaomcheka kwamba sasa ana figo tatu. Hesabu hiyo kwa kweli ni sahihi: zile za zamani huachwa mahali pake, mpya ikawekwa chini ya tumbo karibu na nyonga. Tunacheka nao, maana kulia kumeshatuchosha.

Hatuombi makubwa. Dawa za baada ya kupandikiza zipatikane hospitali za rufaa za mikoa, mgonjwa wa Sumbawanga asisafiri kwa ajili ya vidonge. Mchangia afuatiliwe afya yake bure, mwaka hadi mwaka, kwa kuwa aliipunguzia serikali gharama za mashine. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Wanaoitekeleza wamkumbuke na huyu. Na mbunge yeyote atakayesoma manung'uniko haya, asitupigie makofi wala kutupa pole. Aanze na kile kifungu cha siku nne: pale palipoandikwa kifo cha ndugu, aongeze na ugonjwa wake.