ORDINATERI ZA ZAMANI ZISITUPWE, ZIFUNGWE KU REZO



Kuna maneno yanayozunguka ku masomo yetu siku hizi: eti zile ordinateri za zamani ziuzwe kama vyuma, kisha kila mzazi aombwe feza juu ya kununua mpya. Wanaosema vile wanatoa sababu moja: mashini zile haziwezi kuingia ku rezo. Sisi wanafunzi wa darasa la sita tunaona kama sababu ile haitoshi. Kinachokosekana ni kitu kidogo, nacho kinauzwa.

Tutazame kwanza hali ilivyo. Kila mashini iko peke yake. Emprimante ni moja, imefungwa ku mashini moja tu. Mwenye kazi ya kupiga chapa anaibeba ndani ya kle USB na kupanga mstari, na virusi navyo vinapanda mu ile kle na kutembea toka mashini hadi mashini. Wazee wanasema: kidole kimoja hakivunji chawa. Mashini 10 zisizosemezana ni vidole 10 vya watu 10, si mikono miwili.

Kwa kawaida ordinateri inaingia ku rezo kwa njia ya karte iliyo ndani ya tumbo lake. Kama karte haiko, ao imeungua, watu wanasema: mashini imekufa. Lakini kuna adaptateri ya inje. Ni kisanduku kidogo: upande mmoja kinaingia ku tundu la USB, upande mwingine kinapokea kabele ya rezo. Kinafanya kazi ileile ya karte, na hakuna lazima ya kufungua mashini.

Hili si jambo la jana. Robert Metcalfe na wenzake walianza kutengeneza rezo inayoitwa Ethernet katika mwaka 1973, huko California, Marekani. Lakini ordinateri IBM PC ilipotoka mwaka 1981 haikuwa na tundu la rezo, na zile za kubeba mkononi mara nyingi hazikuwa na nafasi ya kuingiza karte. Basi mwisho wa miaka ya 1980 kampuni Xircom ikauza adaptateri ya kufungwa ku tundu la emprimante. Kampuni D-Link nayo ilitengeneza zake, DE-600 na DE-620. Watu wale hawakutupa mashini juu ya tundu moja. Walitafuta mlango mwingine.

Wengine watasema: « Vitu vile vinaenda polepole. » Ni kweli, lakini tupige hesabu. Tundu la emprimante la zamani lilipitisha karibu kilo-okteti 150 kila sekunde. USB 1.1, ya mwaka 1998, ina mwendo wa megabiti 12, USB 2.0, ya mwaka 2000, inafika 480. Kitabu cha megaokteti 3 kingepita ku tundu la emprimante kwa sekunde 20. Ku USB 1.1 kinapita kwa sekunde chache tu. Mwanafunzi aliyezoea kungoja zamu yake nusu saa hatalalamika juu ya sekunde 20.

Hata hivyo, hatusemi feza zitoke mbio mbio. Kuna mambo matatu ya kuangalia.

Kwanza, piloti, ndiyo ile programu inayofundisha mashini kutumia adaptateri. Adaptateri bila piloti ni kufuli bila ufunguo. Nyingi za sokoni leo zinakuja na piloti za Windows mpya tu. Sherti tuandike kwanza kila mashini ina Windows gani, ndipo tuende kununua. Linux yenyewe inatambua nyingi bila kuomba CD.

Pili, kabele. Ile ya Ethernet inaweza kufika metre 100, lakini ya USB isipite 5. Basi adaptateri ikae karibu na mashini, na kabele ya rezo ndiyo ifanye safari.

Tatu, na hili ni kubwa: mashini hizi zisifungwe ku intaneti. Microsoft iliacha kutunza Windows XP tarehe 8 Aprili 2014. Katika Mei 2017 virusi WannaCry viliingia mashini za inchi nyingi kwa kupita mu njia ambayo Windows inatumia kugawana vitabu vyake. Rezo inapeleka ugonjwa upesi kuliko kle. Kwa hiyo rezo yetu iwe ya ndani tu: swichi moja, kabele, na emprimante ya wote. Kle zote zipokelewe ku mashini moja yenye programu ya kuua virusi, na mahali pengine zikatazwe kabisa.

Tunaomba Bwana Prefe na komite ya wazazi jambo moja. Zinunuliwe adaptateri mbili tu, zijaribiwe juma moja ku mashini mbili za zamani kabisa, mbele ya macho yetu wote. Zikishindwa, hasara ni adaptateri mbili. Zikifaulu, zinunuliwe zingine, na sisi wa darasa la sita tutajifunza kufunga zile nyuzi 8 za kabele kwa mikono yetu.

Hatukatai mashini mpya. Siku zitakapopatikana tutazipokea kwa furaha. Lakini feza inayoombwa kila nyumba si sawa kwa kila nyumba. Mwanafunzi anayerudishwa nyumbani juu ya feza hatatumia ordinateri mpya, na ile ya zamani nayo hataiona tena.

Mawazo yetu ni hayo. Mwenye mengine aandike, nafasi iko.

Wanafunzi wa darasa la sita