Bayi Rockets

Bayi Rockets ilikuwa timu ya mpira wa kikapu ya wanaume ya Jeshi la Ukombozi wa Umma la China. Ilicheza katika Ligi ya Mpira wa Kikapu ya China (CBA) tangu ligi hiyo ilipoanzishwa mwaka 1995 hadi timu ilipojiondoa mwezi Oktoba 2020. Ilitwaa ubingwa mara 8, idadi ambayo haikuvukwa na timu nyingine yoyote mpaka mwaka 2019.

Jina Bayi ni maneno mawili ya Kichina, ba (nane) na yi (moja). Hayamaanishi themanini na moja, bali mwezi wa nane, siku ya kwanza. Tarehe 1 Agosti 1927 wanajeshi waliofuata Chama cha Kikomunisti waliasi katika mji wa Nanchang, na siku hiyo huadhimishwa kama siku ya kuzaliwa kwa jeshi la China. Jina hilohilo lilipewa timu za jeshi za michezo mingine pia, hata studio yake ya filamu.

Miaka ya ushindi

Ili kuelewa nguvu ya Bayi ni lazima kwanza kuelewa michezo ilivyopangwa China kabla ya 1995. Timu hazikuwa mali ya wafanyabiashara. Kila jimbo lilikuwa na idara yake ya michezo iliyolea vijana wa jimbo hilo, na jeshi lilikuwa na timu zake tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950. Tofauti ni kwamba jimbo lilitafuta vijana ndani ya mipaka yake, lakini jeshi lilitafuta nchi nzima. Tena lilikuwa na kitu cha kuwapa: cheo, mshahara wa serikali, na heshima katika familia. Kwa mzazi wa miaka ya 1980 hilo halikuwa jambo dogo.

Kwa hiyo CBA ilipoanza, Bayi ilikuwa na wachezaji bora tayari. Ilichukua ubingwa wa misimu sita mfululizo, kuanzia 1995–96 hadi 2000–01. Nahodha wake Liu Yudong, mzaliwa wa mkoa wa Fujian, alibeba bendera ya China katika ufunguzi wa Olimpiki ya 1996 na ile ya 2000. Mfululizo huo ulikatwa mwaka 2002 na Shanghai Sharks ya Yao Ming, timu ambayo Bayi ilikuwa imeifunga katika fainali mbili zilizotangulia. Yao alikwenda Marekani mwaka huohuo, na msimu uliofuata kombe likarudi jeshini.

Mkasa wa Wang Zhizhi

Wang Zhizhi, mchezaji wa kati mwenye urefu wa zaidi ya mita 2.10, alichaguliwa na Dallas Mavericks ya ligi ya NBA mwaka 1999. Lakini alikuwa askari, na askari haondoki kikosini kwa kuwa kampuni ya nje imempenda. Alisubiri karibu miaka miwili. Aprili 2001 jeshi lilimruhusu, naye akawa Mchina wa kwanza kucheza NBA.

Mwaka 2002 alitakiwa kurudi kufanya mazoezi na timu ya taifa. Hakurudi, alitaka kubaki Marekani ili ajiimarishe katika ligi ya huko. Akaondolewa timu ya taifa, na mwaka huo China ikapoteza fainali ya Michezo ya Asia mbele ya Korea Kusini kwa pointi 102 kwa 100. Wang alizichezea Los Angeles Clippers na Miami Heat, mara nyingi akiwa benchi. Aprili 2006 alirejea China na kuomba radhi hadharani. Alipokelewa, akarudishwa Bayi, na msimu wa 2006–07 akaiongoza kutwaa ubingwa wake wa nane, ambao ndio ulikuwa wa mwisho. Baadaye alikuwa kocha wa timu hiyo.

Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kama habari ya mtoro aliyesamehewa. Usimulizi huo unaacha swali kubwa zaidi: je, mtu mmoja anaweza kuwa askari na mchezaji wa kulipwa kwa wakati mmoja? Ligi nzima ilikuwa ikielekea upande mmoja, wa mikataba na uhamisho, na Bayi ilibaki upande mwingine.

Kuporomoka

Klabu nyingine za CBA zilisajili wageni, hasa Wamarekani. Bayi haikuwahi kufanya hivyo, kwani mchezaji wake alipaswa kuwa mwanajeshi wa China. Mwanzoni hilo lilikuwa fahari. Ligi ilipojaa fedha likawa mzigo. Stephon Marbury, aliyewahi kucheza NBA, aliipa Beijing Ducks mataji ya 2012, 2014 na 2015. Bayi haikuwa na njia ya kumjibu. Katika misimu ya mwisho kanuni za ligi ziliwapunguzia wapinzani matumizi ya wageni walipokutana na Bayi, na bado ilishika nafasi za mkiani. Vijana wenye vipaji nao walikuwa wameanza kupiga hesabu: klabu ya jimbo ililipa vizuri zaidi na haikudai kiapo.

Nje ya China wengi waliisikia Bayi kwa sababu isiyopendeza. Tarehe 18 Agosti 2011, mchezo wa kirafiki mjini Beijing dhidi ya Chuo Kikuu cha Georgetown cha Marekani uliishia kwa ngumi matokeo yakiwa 64 kwa 64. Siku hiyo Joe Biden, wakati huo makamu wa rais wa Marekani, alikuwa ziarani mjini humo.

Kujiondoa

Mwezi Septemba 2015 Rais Xi Jinping alitangaza kupunguza jeshi kwa askari 300,000, na mwaka uliofuata majeshi yaliagizwa kuacha shughuli za kibiashara. Tangu hapo timu ya jeshi ndani ya ligi ya kulipwa ilikuwa kitu kigumu kukieleza. Timu ya jeshi ya kandanda ilikuwa imevunjwa tangu 2003.

Msimu wa 2020–21 ulipoanza Oktoba 2020, Bayi haikutokea uwanjani. Tarehe 20 Oktoba ilitangazwa rasmi kwamba imejiondoa, pamoja na timu ya wanawake. Ligi ikabaki na timu 19, na baadhi ya wachezaji wakahamia klabu nyingine.

Kwa miaka mingi uwanja wa nyumbani wa Bayi ulikuwa Ningbo, mkoa wa Zhejiang. Miaka yake ya mwisho ilicheza Nanchang, mji uleule wa uasi wa 1927. Mwaka 2021 klabu mpya ya kiraia iliingia CBA kutoka Ningbo. Inaitwa Ningbo Rockets, na inasajili wageni kama klabu nyingine.