Injinia wa ndege aliyehamia kwenye bajeti



Juzi mdogo wangu wa kike, yuko kidato cha pili, kaja na fomu ya kuchagua mchepuo. Anapenda fizikia, lakini mwalimu mmoja keshamwambia sayansi itamtesa, achukue arts. Mie sikuwa na jibu la haraka. Nikaja hapa kafe, nikasoma habari za Winnie Byanyima wa Uganda.

Huyu mama kazaliwa Mbarara mwaka 1959, mtoto wa mwalimu. Enzi za Amin akakimbilia Uingereza, akasomea uhandisi wa ndege Chuo Kikuu cha Manchester. Ndiye Mganda wa kwanza mwanamke kuisomea fani hiyo. Akafanya kazi Uganda Airlines, kisha akaingia msituni na jeshi la Museveni. Baadaye akawa balozi Ufaransa, mjumbe wa Bunge la Katiba, halafu mbunge hadi 2004.

Kuna watakaosema, sasa uinjinia si aliutupa? Hapo nabisha. Alianzisha na wenzake FOWODE, wakaanza kuichambua bajeti ya serikali: hela hizi, mwanamke anapata nini humo? Hiyo si kazi ya fundi, kufungua mashine uone mafuta yanavujia wapi?

Mwaka 2019 akateuliwa kuongoza UNAIDS. Mwaka 2021 shirika hilo na wenzake wa Umoja wa Mataifa wakaanzisha kampeni ya kuwabakiza wasichana wa Afrika sekondari, manake msichana anayemaliza shule hatari yake ya kuambukizwa VVU inapungua. Akabana pia kampuni za dawa. Lenacapavir, sindano ya kinga ya mara 2 kwa mwaka, Marekani ilitangazwa kwa zaidi ya dola 28,000 kwa mwaka. Septemba 2025 zikatangazwa dawa za mfano wake kwa dola 40 tu, kwa nchi 120 hivi, kuanzia 2027. Hakufanya peke yake, lakini swali lake lilikuwa lile lile: gharama halisi ni ngapi?

Ila tusimpambe, maisha yake si keki. Novemba 2024 mumewe, Kizza Besigye, alichukuliwa Nairobi akaibukia mahakama ya kijeshi Kampala, chini ya utawala ambao wote wawili waliupigania msituni.

Jamani, tunapenda sana kushangilia "mwanamke wa kwanza". Lakini wa kwanza ana faida gani kama wa pili na wa mia wanakatwa kidato cha pili, kwa neno moja tu la mwalimu? Mabinti hatuwanyimi ndege tu, tunawanyima na ujasiri wa kuhoji hesabu za wakubwa.

Fomu inarudishwa Ijumaa. Nimemwambia dogo ajaze sayansi, kwa mwalimu nitakwenda mimi.

Nyie kwenu ilikuwaje? Tiririkeni hapo chini.