Cheo Kisiwe Mezani

Novemba 2012, barabara ya Kibumba ilijaa watu waliokimbia kambi ya Kanyaruchinya kuingia Goma, mashariki mwa Kongo: godoro kichwani, mtoto mgongoni, bidoni la maji mkononi. Tarehe 20 mji ukaanguka mikononi mwa waasi wa M23. Ni wangapi kati yao walijua kwamba walikuwa wakikimbia pia ugomvi wa maofisa waliowahi kula sahani moja?

Kabla ya M23, Laurent Nkunda aliongoza kundi la waasi la CNDP, na Bosco Ntaganda alikuwa mnadhimu wake mkuu. Wakakosana. Januari 2009 Ntaganda akatangaza kumng'oa mkubwa wake, na kabla ya mwezi kwisha Nkunda akakamatwa Rwanda. Ntaganda, aliyekuwa akitafutwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, akapewa ujenerali katika jeshi la taifa, akaishi hapa Goma, akicheza tenisi mchana kweupe. Sultani Makenga, mtu wa Nkunda, aliingia jeshini naye, lakini hakusahau. Mwaka 2012 waliasi wote wawili, ikazaliwa M23, na kinyongo kikawafuata huko huko msituni: mwanzoni mwa 2013 watu wao walipigana wenyewe kwa wenyewe, Makenga akashinda. Machi 18 Ntaganda alijisalimisha ubalozi wa Marekani, Kigali. Baadaye alihukumiwa miaka 30.

Bukavu ilikuwa imeshatuonya. Februari 2004 Kanali Jules Mutebutsi aligombana na mkubwa wake, Jenerali Prosper Nabyolwa, akasimamishwa kazi. Mwanzoni mwa Juni mji ulikuwa mikononi mwake na mwa Nkunda.

Sisemi vita vyetu ni kiburi tu. Yapo mashamba, yapo madini, upo mkono wa Kigali. Lakini mkono wa nje hutafuta pa kushika, na hushika kwa urahisi ofisa mwenye donge moyoni ambaye askari wake wanamtii yeye kabla ya bendera. Askari hao alibaki nao kwa idhini yetu. Mkataba baada ya mkataba, cheo kimetolewa kama malipo ya kuweka silaha chini, huku kapteni aliyevumilia kambini miaka yote, mshahara ukichelewa, akimpigia saluti mwasi wa jana. Tumemtuliza mmoja kwa kuwadhalilisha mia, kisha tunashangaa usaliti unatoka wapi.

Kwa wote wanaojadili amani ya Kivu, ombi letu ni moja: safari hii, cheo kisiwe mezani.